Rangi ya Mafuta ni Mafuta Gani? Mwongozo wa Uchoraji kwa Mitaa ya Eastlands, Nairobi, na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanajadili uchoraji kwa rangi za mafuta katika mazingira ya mitaa ya Eastlands, Nairobi. Hoja kuu ni kwamba mchoro unapopasuka, kubanduka au kugeuka manjano, mara nyingi kosa haliko katika kipawa cha mchoraji bali katika jina alilotumia dukani. Neno "mafuta" linabeba vitu vingi mno katika Kiswahili, na mchoraji asipovitenganisha kwa maneno hatavitenganisha kwa mikono. Makala yanafafanua vitu hivyo, yanatoa utaratibu wa kazi unaomfaa anayechorea katika chumba kimoja, na yanapendekeza istilahi chache zinazotokana na usemi wa mafundi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Kwa msafiri anayeabiri matatu kutoka katikati ya jiji kuelekea Kayole, Dandora au Umoja, rangi ndiyo maandishi ya kwanza anayoyasoma. Matatu yenyewe yamechorwa. Vibanda vya vinyozi vina picha za vichwa vilivyonyolewa, kuta za mabucha zina picha za ng'ombe, na kuta za shule za chekechea zina picha za wanyama na herufi. Kwa hiyo haishangazi kwamba upande huu wa jiji umekuwa pia kitovu cha sanaa ya maonyesho. Kundi la Brush Tu, lililoanzishwa mwaka 2013 na Boniface Maina, David Thuku na Michael Musyoka, lilijipatia jina kutokana na karakana yake ya Buruburu. Wajukuu Art Project, kutoka kitongoji cha Mukuru, walishiriki maonyesho ya kimataifa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Kabla yao, kituo cha GoDown, kilichofunguliwa mwaka 2003 katika Eneo la Viwandani, kilikuwa pahali ambapo vijana wengi waliwatazama wachoraji waliowatangulia wakifanya kazi.

Hata hivyo, maarifa ya kutumia rangi za mafuta hayajapata maandishi ya kutosha katika Kiswahili. Somo la sanaa hufundishwa kwa Kiingereza katika shule za Kenya. Maelezo yaliyo kwenye tyubu za rangi ni ya Kiingereza au Kifaransa. Kijana anayejifunza karakanani hupokea mafunzo kwa mdomo, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Sheng, na anapokwenda dukani huagiza kwa Kiswahili. Katika safari hiyo ya lugha tatu kuna jambo linalopotea.

Malengo ya makala haya ni matatu:
(a) kubainisha utata wa neno "mafuta" katika muktadha wa uchoraji;
(b) kueleza hatua za kazi kwa mujibu wa mazingira ya Eastlands;
(c) kupendekeza istilahi zitakazomsaidia mchoraji kukumbuka hatua hizo.

2.0 Jina Moja, Vitu Vinne

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Eastlands, rangi zimegawanywa mara mbili: "rangi ya maji" na "rangi ya mafuta". Mgawanyo huu ni sahihi kwa fundi wa nyumba. Rangi ya maji hupakwa ukutani na brashi yake huoshwa kwa maji. Rangi ya mafuta hupakwa milangoni, madirishani na kwenye mageti, hung'aa, na brashi yake huoshwa kwa tapentaini. Kijana aliyeambiwa na mwalimu wake anunue "rangi za mafuta" akiingia duka hili atapewa mkebe wa rangi ya milango, na aliyemuuzia hatakuwa amekosea.

Tofauti ya vitu hivyo viwili ni kubwa. Rangi ya mafuta ya wasanii, inayouzwa kwa tyubu, ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Rangi ya milango hufungwa kwa utomvu uliotengenezwa kiwandani na kutiwa dawa za kuharakisha ukaukaji. Ya kwanza huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya kuweza kuguswa. Ya pili huweza kuguswa baada ya saa chache. Zikikutana kwenye mchoro mmoja hugombana. Rangi ya milango ikipakwa juu ya rangi ya tyubu ambayo haijakomaa, tabaka la juu huwa gumu ilhali la chini bado linasogea, na matokeo yake ni nyufa. Rangi ya tyubu ikipakwa juu ya rangi ya milango inayong'aa, haipati pa kushika na baadaye hubanduka kama ganda.

Tatizo haliishii hapo. Neno "mafuta" lenyewe hutumiwa kwa vitu vinne ambavyo mchoraji anaweza kuvipata bila ya kutoka mtaani kwake au kwenda mbali:

(i) Mafuta ya kitani. Haya ndiyo yanayoishika rangi. Hugeuka kuwa utando mgumu yanapokutana na hewa.

(ii) Tapentaini. Watu wengi huiweka katika kundi la mafuta kwa kuwa huyeyusha mafuta. Haibaki kwenye mchoro bali huruka hewani. Kazi yake ni kuilainisha rangi na kusafishia brashi.

(iii) Mafuta ya taa. Ni rahisi kupatikana, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu huyatumia badala ya tapentaini. Huruka polepole na huacha unyevu wa mafuta unaoidhoofisha rangi. Hayafai kuingizwa kwenye mchoro.

(iv) Mafuta ya kupikia. Mengi ya haya hayagandi ipasavyo hata yakiachwa mwaka mzima. Rangi iliyochanganywa nayo hubaki ikinata na kukusanya vumbi. Hayafai kuchorea, ingawa yana kazi nyingine itakayotajwa katika sehemu ya 3.5.

Ifahamike pia kwamba kitenzi "kukauka" nacho kinapotosha. Nguo hukauka kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji. Yanavuta oksijeni kutoka hewani na kubadilika kuwa kitu kingine. Kwa hiyo kuuanika mchoro kwenye jua kali ili "ukauke haraka" ni kuutendea kama nguo. Mafundi wa ujenzi wana neno bora zaidi. Husema kwamba simiti "imeshika", nao hawamaanishi kwamba imekuwa kavu tu, bali kwamba imebadilika. Makala haya yanapendekeza neno hilohilo litumiwe uchorajini: rangi ikiweza kuguswa bila ya kuacha alama kidoleni, imeshika. Baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja, tabaka zima likiwa gumu hadi ndani, rangi imekomaa. Anayetenganisha kushika na kukomaa ameepuka nusu ya makosa yanayojadiliwa hapa.

3.0 Utaratibu wa Kazi

3.1 Kitambaa na Ubao

Kanvasi iliyokwisha kutayarishwa ni ghali. Mbadala wake ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho Waswahili wamekiita "marekani" tangu karne ya 19, wakati kilipoletwa pwani kwa meli kutoka Marekani. Kichaguliwe kilichofumwa kwa nyuzi nzito. Fremu huweza kutengenezwa na seremala, wa Gikomba kwa mfano, kwa mbao nyepesi zilizokauka. Ukingo wa ndani wa mbao upigwe randa ili uteremke kidogo, la sivyo utagusa kitambaa na kuacha mstari utakaoonekana kwenye mchoro. Kitambaa huvutwa kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, si kuanzia pembeni.

Kitambaa kitupu kisipakwe rangi ya mafuta kamwe. Mafuta ya kitani huzila nyuzi, nacho kitambaa hukauka, huvunjika na kuoza. Kwanza hupakwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Ikishashika hufuatwa na matabaka mawili au matatu ya praima nyeupe ya wasanii, kila moja likipigwa msasa laini. Anayefanya mazoezi tu anaweza kutumia rangi nyeupe ya maji isiyong'aa badala ya praima, ila ajue kwamba hunywa mafuta ya rangi na kuufanya mchoro ufifie. Kazi inayokusudiwa kuuzwa inastahili praima halisi.

Ubao wa hadibodi au plaiwudi ni rahisi zaidi na haulegei. Upigwe msasa, kisha upakwe praima pande zote mbili, kwani ukipakwa upande mmoja tu utajikunja.

3.2 Uchaguzi wa Rangi

Kosa la mwanafunzi mwenye fedha chache ni kununua seti yenye tyubu ndogo ishirini za hali ya chini. Tyubu tano nzuri zinatosha: nyeupe ya titani, manjano ya udongo, nyekundu, buluu iliyokolea mfano wa nili, na kahawia ya udongo. Nyeupe iwe tyubu kubwa kwa kuwa huisha kwanza. Nyeusi si lazima. Kahawia na buluu zikichanganywa huzaa weusi wenye uhai zaidi.

Rangi za udongo zina sifa tatu: si ghali, hazififii kwenye mwanga, na aghalabu hushika upesi. Kiswahili kinazifahamu tangu kale. Ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala walitumia kutilia alama kwenye mbao, ni jamaa wa rangi hizi. Kwa upande mwingine, nyeupe ya titani na nyekundu nyingi huchelewa kushika. Mchoraji mwenye haraka aanze na kahawia.

3.3 Konda Chini, Nono Juu

Kanuni kuu ya rangi za mafuta ni kwamba kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lile lililo chini yake. Sababu yake ni nyepesi. Tabaka lenye mafuta machache hushika upesi na kuwa gumu. Tabaka lenye mafuta mengi huchelewa na hubaki na unyumbufu. Likiwekwa gumu juu ya lile linaloendelea kusogea, litapasuka, jinsi tope la juu linavyopasuka juu ya kinamasi.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kabisa: kukonda na kunona. Kwa hiyo kanuni hii inaweza kufupishwa hivi: konda chini, nono juu. Kwa vitendo, tabaka la kwanza huwa la rangi iliyolainishwa kwa tapentaini kidogo, ikawa nyepesi kama rangi ya maji. Tabaka la pili huwa rangi jinsi ilivyotoka kwenye tyubu. La tatu na yatakayofuata hutiwa matone machache ya mafuta ya kitani. Hayo matone yasizidi, kwani mafuta mengi mno hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

3.4 Mwanga na Majira

Vitabu vingi vya uchoraji vinamshauri msomaji atafute dirisha linaloelekea kaskazini. Ushauri huo ni sahihi kwa Ulaya, ambako jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Anayechorea ndani hana dirisha moja la kudumu. Kinachotakiwa ni mwanga usiobadilika, kwa hiyo dirisha la kusini linafaa Juni na la kaskazini linafaa Desemba. Mwenye dirisha moja tu aning'inize shuka jeupe linalopenyeza mwanga pale jua linapoingia moja kwa moja.

Majira nayo yana athari. Katika baridi ya Juni hadi Agosti rangi huchelewa kushika. Katika ukavu wa Januari na Februari hushika upesi, lakini vumbi la vichochoro visivyotiwa lami huingia kila mahali. Sakafu idekiwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuchora, isifagiliwe. Mchoro mbichi uegemezwe ukutani ukiwa umeinamia ukuta, uso wake ukitazama chini kidogo.

Mahali pa kuhifadhia ni suala jingine. Katika chumba kimoja, nafasi iliyo wazi ni uvungu wa kitanda. Mafuta ya kitani yakikaa gizani hugeuka manjano, na mchoro uliokuwa na mawingu meupe hutoka uvunguni ukiwa na mawingu ya samli. Mchoraji asikate tamaa. Ukitundikwa kwa wiki kadhaa mahali penye mwanga wa mchana, mbali na jua kali, sehemu kubwa ya umanjano huo hutoweka.

3.5 Chumba Kimoja: Suala la Uhai

Sehemu hii haihusu uzuri wa mchoro bali maisha ya watu. Chumba kimoja katika mitaa hii ni jiko, sebule na chumba cha kulala kwa wakati mmoja. Hatari ni tatu.

Kwanza, vitambaa. Mafuta ya kitani yanaposhika hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikifinyangwa na kurundikwa pembeni, joto hujikusanya na vinaweza kuwaka vyenyewe, bila ya kiberiti wala cheche. Kila jioni vitambazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke, au viwekwe katika mkebe wa bati wenye maji na kifuniko.

Pili, tapentaini. Mvuke wake hushika moto na huumiza mapafu. Isifunguliwe ilhali stovu au jiko la gesi linawaka. Isiachwe wazi usiku mahali anapolala mtoto. Isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda.

Hatari hii inaweza kupunguzwa kwa kiasi kikubwa, kwani kusafisha brashi hakuhitaji tapentaini. Brashi ipanguswe kwa gazeti, isuuzwe kwa mafuta ya kupikia, ipanguswe tena, kisha ioshwe kwa sabuni ya kipande na maji vuguvugu kiganjani hadi povu litoke jeupe. Hii ndiyo kazi halali ya mafuta ya kupikia, nayo ni lazima yaondolewe yote kwa sabuni.

Tatu, rangi zenyewe. Baadhi hutengenezwa kwa madini yenye sumu, yakiwemo risasi na kadimiamu. Mchoraji asile huku akichora, asiinyonye ncha ya brashi, wala asipige msasa rangi iliyoshika bila ya kujifunika pua.

3.6 Mnunuzi na Safari ya Mchoro

Mnunuzi hutaka mchoro kesho. Rangi haijui kesho. Mchoraji mwenye agizo la haraka achore kwa matabaka membamba, atumie rangi za udongo kwa wingi, na asiupake mchoro vanishi kabla haujakomaa. Ni heri amwambie mnunuzi aurudishe baada ya miezi sita upakwe vanishi bila malipo. Mnunuzi huyo atarudi, na huenda akanunua mwingine. Aliyeuziwa mchoro uliopasuka baada ya mwaka mmoja harudi, na huwaambia wenzake.

Ili kujua kama mchoro umekomaa, sugua pembe yake taratibu kwa kitambaa cheupe chenye tapentaini kidogo. Kikitoka na rangi, subira iendelee.

Mchoro mbichi ukisafirishwa kwa matatu, uwekwe na mwenzake wenye ukubwa sawa, nyuso zikitazamana, huku vipande vidogo vya mbao vikizitenganisha kwenye pembe nne. Kisha vifungwe kwa kamba na kuzungushiwa katoni.

4.0 Ushahidi wa Wachoraji Wawili

Msomaji anaweza kuuliza kama rangi ya milango haifai kabisa. Jibu linapatikana Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mkebe inayong'aa juu ya vipande vya hadibodi. Mtindo wake umebeba jina lake hadi leo. Alifaulu kwa rangi hiyo kwa kuwa alitumia aina moja ya rangi, juu ya ubao usiolegea, kwa matabaka machache. Aliifuata sarufi ya rangi aliyokuwa nayo. Kosa basi haliko katika mkebe bali katika kuzichanganya sarufi mbili ndani ya sentensi moja.

Mfano wa pili unatoka Lubumbashi. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Zaire juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian takriban michoro 100 ya mfululizo huo, nayo mazungumzo yao yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba. Kwa wanafunzi wa Kiswahili huu ni ushahidi wenye uzito. Mchoraji aliweza kuieleza kazi yake, picha kwa picha, kwa Kiswahili alichokizungumza mtaani. Kama lugha hiyo ilitosha kueleza picha, haina sababu ya kushindwa kueleza rangi iliyoichora.

5.0 Mapendekezo ya Istilahi

Istilahi zinazopendekezwa zimeundwa kwa kigezo kimoja: ziwe tayari mdomoni mwa mtumiaji.

"Rangi ya tyubu" itumiwe kwa rangi ya mafuta ya wasanii, na "rangi ya mkebe" kwa rangi ya milango. Majina haya yanataja chombo, na muuzaji hawezi kuyakosea.

"Mafuta yagandayo" yawe ya kitani na jamii yake. "Mafuta yasiyoganda" yawe ya kupikia.

"Rangi konda" na "rangi nono" zitaje kiasi cha mafuta katika tabaka.

"Kushika" na "kukomaa" zichukue nafasi ya "kukauka".

Maneno haya si mageni. Lililo jipya ni kuyapanga ili kila moja libebe maana moja. Kiswahili kilipofanywa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mjadala mwingi ulihusu bunge, mahakama na ofisi. Karakana haikutajwa sana, ilhali humo ndimo lugha hupimwa kwa matokeo yanayoonekana kwa macho.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mchoraji wa Eastlands anakabiliwa na tatizo la lugha kabla ya kukabiliana na tatizo la brashi. Akiagiza "rangi ya mafuta" bila ya kubainisha, atapata mkebe alipohitaji tyubu. Akielewa "kukauka" kama nguo inavyokauka, atauanika mchoro juani na kuuza kabla ya wakati. Akidhani kwamba mafuta ni mafuta, atatia ya taa au ya kupikia na kushangaa kwa nini picha inanata.

Utaratibu uliopendekezwa ni mfupi: kitambaa kilindwe kwa gundi na praima, rangi ziwe tano nzuri, konda chini, nono juu, vitambaa vyenye mafuta visirundikwe, vanishi isubiri. Kuhusu hili la mwisho wahenga walikwisha sema kwamba haraka haraka haina baraka. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu msamiati wa karakana nyingine za Eastlands, kama vile za wachoraji wa matatu na za waandishi wa mabango. Kila karakana ina kamusi yake ambayo haijaandikwa, na wenyewe wangali hai wa kuulizwa.